Madini Joto Hayaui Samaki

Anayeanza kufuga samaki, awe na tangi la kioo sebuleni au bwawa la udongo shambani, hupewa onyo moja mapema sana: usitie chumvi ya mezani, ina madini joto, itaua samaki wako; tafuta chumvi ya mawe. Onyo hilo hurudiwa na wauza samaki wa mapambo, wafugaji wa sato na kambare, hata baadhi ya maafisa ugani, na limerudiwa mno kiasi kwamba ni nadra kusikia mtu akiuliza ushahidi wake uko wapi. Nasema onyo hilo si la kweli. Ubaya wake hauishii hapo, maana kosa lingine halimdhuru mtu na hili linadhuru: linamfundisha mfugaji kuogopa kitu kisicho na hatari, kisha linamwachia apitishe bila kukagua vitu vyenye hatari hasa, mradi tu viwe vya mawe, vya asili, na visiwe na nembo ya madini joto kwenye mfuko.

Tuanze na kazi yenyewe ya chumvi majini, kwa sababu bila kuielewa hatuwezi kusema ipi inafaa. Damu ya samaki wa maji baridi ina chumvi yapata gramu 9 kwa lita, ilhali maji ya mto au kisima anamoishi huwa na kiasi kidogo tu cha hiyo. Kwa hiyo usiku na mchana maji humwingia kupitia matamvua na chumvi humtoka, naye hutumia nguvu kuyakojoa maji na kuirudisha chumvi. Akinaswa kwa wavu, akikwaruzika magamba, akifungwa ndani ya mfuko wa nailoni kwa safari ya saa kadhaa, ute unaomkinga hupungua na mzigo huo humzidia. Gramu 1 hadi 3 za chumvi kwa kila lita hupunguza tofauti kati ya mwili na maji, na ndiyo sababu vifaranga husafirishwa katika maji yaliyotiwa chumvi kidogo. Kazi ya pili ni kinga dhidi ya naitraiti. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia. Bakteria huigeuza amonia kuwa naitraiti, na bakteria wengine huigeuza naitraiti kuwa naitreti isiyo na madhara makubwa. Kundi la pili likichelewa kustawi, kama inavyotokea katika tangi jipya au bwawa lililojazwa samaki kupita kiasi, naitraiti hujilimbikiza, hupenya matamvua na kuigeuza damu kuwa ya kahawia, damu isiyoweza kubeba oksijeni. Utamwona samaki akitweta juu ya maji wakati maji yenyewe yana hewa ya kutosha. Kloridi hupita kwenye mlango uleule wa matamvua unaopitisha naitraiti. Ikiwa nyingi, naitraiti hukosa nafasi. Wafugaji wa kambare huko Mississippi, Marekani, wamezoea kuhakikisha mabwawa yao yana kloridi ya miligramu 100 hivi kwa lita kwa sababu hiyohiyo. Katika kazi zote mbili kinachotenda ni sodiamu na kloridi. Matamvua hayajui kama kloridi hiyo ilitoka kwenye pakiti ya dukani, kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Bagamoyo, au kwenye chemchemi za Uvinza.

Sasa hayo madini joto, yaani iodini. Kinachotiwa kwenye chumvi ya kula katika nchi zetu ni iodeti ya potasiamu, tena kwa kiasi kidogo sana. Tuchukue kiwango cha juu ili mwenye shaka asiseme tumejipendelea: miligramu 60 za iodini katika kilo nzima ya chumvi. Ukitia gramu 3 za chumvi hiyo katika lita moja ya maji, ambacho ni kipimo kikubwa kwa maji ya kukaa siku nyingi, umeongeza mikrogramu 180 za iodini. Maji ya bahari, kwa kawaida, yana mikrogramu 60 hivi kwa lita. Tofauti ni mara tatu, na ni kwa kipimo kikubwa. Kwa kipimo cha bwawa, yaani chumvi ya kutosha kufikisha kloridi miligramu 100 kwa lita, iodini inayoongezeka ni mikrogramu 10 hivi, sehemu moja ya sita ya ile ambamo changu na kolekole huzaliwa, hukua na kuzaana. Mtu atajibu kwamba changu ni samaki wa bahari na sato si wa bahari, na jibu hilo lina haki ya kusikilizwa. Basi tuyaache ya bahari, twende kwa trauti, samaki wa maji baridi tena dhaifu kuliko sato kwa mambo mengi. Vipimo vya maabara vimeonyesha kwamba iodini huru, ile ya dawa ya kahawia ya vidonda, humuua trauti ikifika kama nusu miligramu kwa lita. Lakini iodeti, ambayo ndiyo iliyomo kwenye chumvi, huhitaji kupita miligramu 200 kwa lita. Tumesema gramu 3 za chumvi huleta miligramu 0.18. Kati ya 0.18 na 200 kuna umbali wa zaidi ya mara elfu moja, na kabla hujaumaliza umbali huo kwa kuongeza chumvi, chumvi yenyewe itakuwa imekwisha kumuua samaki siku nyingi.

Nadhani hofu imetokana na kuchanganya vitu hivyo viwili. Iodini huru ni muuaji wa vijidudu. Vituo vya kuzalisha trauti na samoni husafisha mayai kwa dawa za iodini kwa dakika chache tu kisha huyasuuza, kwa kuwa ikikaa huunguza. Aliyesoma hilo akasikia pia kwamba chumvi ina iodini, akaunganisha. Lakini iodeti na iodini huru si kitu kimoja kwa mwili wa samaki, kama vile klorini inayotiwa kwenye maji ya bomba, ambayo kweli huua samaki, si kitu kimoja na kloridi iliyomo ndani ya chumvi yoyote duniani.

Lipo jambo katika historia ya chumvi hii ambalo wanaoiogopa wangefaa kulijua. Mwanzoni mwa karne ya 20, trauti katika vituo vya ufugaji huko Marekani walikuwa wakivimba chini ya koo, na wataalamu wengi waliamini ni saratani ya tezi. Daktari David Marine, pamoja na mwenzake Lenhart, walichapisha mwaka 1910 kazi iliyoonyesha kwamba uvimbe ule ulikuwa rovu, ugonjwa uleule unaowapata watu wa milimani na bara wanaokosa iodini. Walitibu samaki hao kwa kutia iodini majini, na uvimbe ukapungua. Mwaka 1917 Marine huyohuyo, akiwa na Kimball, alianza kuwapa iodini wasichana wa shule mjini Akron, Ohio, na mafanikio ya kazi hiyo yalichangia kuuzwa kwa chumvi yenye madini joto katika jimbo la Michigan kuanzia mwaka 1924. Yaani chumvi tunayoambiwa itaua samaki ina mzizi mmoja katika dawa iliyowaponya samaki. Samaki naye ana tezi ya koo, naye huhitaji iodini, naye hupungukiwa nayo. Sisemi kwamba mfugaji atie chumvi ya mezani ili kumlisha iodini, maana chakula bora kinatosha. Nasema kwamba kuiita sumu ni kuigeuza historia juu chini.

Hata hivyo kuna watu wanaosema, na hawasemi uongo, kwamba walitia chumvi ya mezani na samaki wakafa. Kifo hakibishaniwi, chanzo chake ndicho kinachohitaji uchunguzi. Chumvi laini ya pakiti hujaa kijiko bila kuacha nafasi, ilhali chumvi ya mawe huacha mianya kati ya punje. Kijiko kilekile hubeba uzito tofauti, na aliyefundishwa vipimo vya chumvi ya mawe kwa vijiko au kwa viganja huzidisha anapobadilisha. Tena chumvi laini huyeyuka mara moja, hivyo ikimwagwa sehemu moja ya tangi hufanya wingu zito la chumvi ambamo samaki hupita, au hukwama akiwa mgonjwa chini kwenye kokoto. Na tusisahau ni lini watu hutia chumvi: samaki wanapokuwa tayari wagonjwa. Wengi wa waliokufa baada ya chumvi wangekufa hata kama wangetiwa maji matupu. Aliyetia chumvi ya mawe samaki wakafa husema ugonjwa uliwazidi; aliyetia ya mezani husema madini joto yamewaua. Ushahidi uleule umepewa hukumu mbili kwa kutegemea imani iliyotangulia.

Wengine hukubali hayo yote kisha husema: hata kama onyo si la kweli, tahadhari haina hasara. Hapa ndipo ninapopingana nao kwa nguvu zaidi, kwa sababu hasara ipo. Ukimwambia mtu atafute chochote kisicho na madini joto, umempeleka sokoni bila kumwambia anachokitafuta ni nini. Sokoni atakuta magadi, mawe meupe au ya kijivu ambayo watu hulainishia maharage na makande, ya asili kabisa, yasiyotiwa kitu na kiwanda. Magadi ni kabonati na bikabonati ya sodiamu. Kloridi iliyomo haitoshi kuyafanya kuwa chumvi ya samaki, na ukiyatia bwawani hupandisha pH. Hilo si dogo. Katika maji ya nyuzi 25, amonia iliyo katika umbo lake la sumu haifiki asilimia moja ya amonia yote ikiwa pH ni 7. pH ikifika 9, zaidi ya theluthi huwa sumu. Bwawa lililokuwa likivumilia uchafu wake asubuhi linaweza kuwa kaburi jioni bila amonia mpya hata kidogo kuongezeka. Kwamba yupo samaki katika Ziwa Magadi lenyewe hakumpi mtu ruhusa. Samaki yule mdogo, jamaa wa sato aishiye kwenye maji ya pH karibu 10, ana mwili wa ajabu: watafiti walionyesha mwaka 1989 kwamba hutoa taka zake zote za naitrojeni kama urea badala ya amonia, kwa kuwa amonia isingeweza kumtoka katika maji ya aina ile. Sato wa bwawani hana uwezo huo.

Magadi yana wenzake. Chumvi ya Ziwa Katwe, magharibi mwa Uganda, huchimbwa kwa mikono na hufika masoko mengi ya ukanda ule ikiwa mawe mazuri. Lakini ziwa lile ni la kabonati na salfati pamoja na kloridi, na mawe yake hubeba vyote hivyo kwa mchanganyiko usiolingana kutoka jiwe moja hadi jingine. Ni ya asili, ni ya mawe, haina madini joto, nayo haifai kutiwa bwawani kwa kukisia. Chemchemi za Uvinza, Kigoma, nazo ziko bara vilevile, lakini hutoa maji ambayo chumvi yake ni kloridi ya sodiamu kwa sehemu kubwa sana, na watu waliichemsha na kuifanyia biashara kabla ya ukoloni. Macho hayawezi kutofautisha jiwe la huku na la kule. Kisha kuna chumvi ya mifugo, lile jiwe la kulamba ng'ombe ambalo wafugaji wa samaki hushawishika nalo kwa kuwa liko tayari zizini. Lililo la chumvi tupu halina neno; lakini mengi yametiwa shaba, zinki na manganizi kwa ajili ya ng'ombe, na shaba ni sumu kali kwa samaki, hasa pale maji yalipo laini, yasiyo na chokaa. Onyo la madini joto halimkingi mfugaji na lolote kati ya haya. Linamsukuma kuyaelekea. Na hata chumvi ya mawe ya pwani aliyotumwa kuitafuta huenda ina madini joto pia, kwa kuwa wazalishaji wadogo huinyunyizia iodeti kama sheria inavyodai chumvi ya kula itiwe, bila kuisaga.

Kuna pingamizi moja ambalo ni zito kuliko yote, na cha kusikitisha ni kwamba halitajwi na wanaosambaza onyo. Chumvi laini hutiwa kitu cha kuzuia isigandamane. Mara nyingine ni silika au kabonati ya magnesiamu, ambazo pengine zitayafanya maji yawe na ukungu kwa muda na basi. Lakini mara nyingine ni ferosianidi, ambayo kwenye pakiti huandikwa kwa jina lake au kwa namba 535 au 536. Ndani ya chumvi, na ndani ya tumbo la binadamu, ferosianidi ni tulivu. Majini, chini ya mwanga wa jua, huweza kuvunjika polepole na kuachia sianidi. Kiwango kinachoruhusiwa na Codex, mfumo wa kimataifa wa viwango vya chakula, ni miligramu 14 kwa kilo ya chumvi. Kwa gramu 3 za chumvi kwa lita, hiyo ni mikrogramu 42 za ferosianidi, na kama yote ingevunjika na hakuna iliyopotelea hewani, tungepata sianidi mikrogramu 21 hivi. Mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, iliweka mpaka wa sianidi katika maji baridi kuwa mikrogramu 22 kwa muda mfupi na 5.2 kwa muda mrefu. Hesabu hiyo ni ya hali mbaya kabisa, kwa kuwa sianidi iliyoachiwa hutoroka hewani na kuliwa na bakteria, wala haivunjiki yote kwa mpigo. Lakini namba hizo zimekaribiana, na mtu mwaminifu hawezi kuzipuuza. Mwenye hodhi la nje linalopigwa na jua kutwa, anayetaka kuweka gramu 3 kwa lita kwa majuma mazima, na achague chumvi isiyo na 535 wala 536. Mwenye tangi la ndani hana sababu hiyo. Mwenye bwawa la kipimo cha kloridi miligramu 100 atapata, kwa hesabu ileile ya hali mbaya, sianidi ya mikrogramu 1 na kidogo. Na anayemwogesha samaki dakika kumi katika maji makali ya chumvi kisha akamrudisha kwenye maji yake hampi jua nafasi ya kufanya lolote. Kama kuna neno la kusoma kwenye pakiti basi ni hili, na wala si iodini. Ajabu ni kwamba hofu nzima imeelekezwa kwenye kiungo ambacho kiko mbali na hatari mara elfu, huku kile kilicho karibu nayo kikiachwa bila kutajwa.

Naomba pia nisieleweke vibaya kwamba chumvi zote ni sawa. Aina ya chumvi ni jambo kubwa pale kazi inapobadilika. Chumvi ya haluli, ambayo ni salfati ya magnesiamu, haina kloridi hata chembe, kwa hiyo haimsaidii samaki anayekabwa na naitraiti, hata uitie mfuko mzima. Anayetaka kufuga samaki wa matumbawe hawezi kutumia chumvi ya mezani wala ya mawe peke yake, maana kloridi ya sodiamu ni kiasi cha asilimia 78 tu ya chumvi za bahari, na sehemu iliyobaki, magnesiamu, kalsiamu, salfati na bikabonati, ndiyo inayojenga mifupa ya matumbawe na kuishikilia pH. Na wanaofuga samaki wa rangi wa Ziwa Tanganyika, wakatia chumvi ya jikoni kwa kudhani ziwa lile ni la chumvi, wamekosea kwa upande wa pili: maji ya Tanganyika ni magumu, yana magnesiamu na bikabonati na pH inayokaribia 9, lakini si maji ya chumvi ya kula. Katika mambo haya yote tofauti inaletwa na kemikali gani iko ndani na kwa ajili ya kazi gani. Kwa nini basi suala la kemikali liachwe, likabadilishwa na suala la kama chumvi ni ya asili au ya kiwanda?

Pingamizi la mwisho ni la huruma: kwamba mfugaji mdogo hawezi kufanya hesabu, na kanuni nyepesi, hata ikiwa na kasoro, ni bora kuliko kanuni ngumu. Siikubali dharau iliyofichwa humo. Mfugaji huyo hupanga vifaranga kwa idadi ya kila mita ya mraba, hugawa chakula kwa asilimia ya uzito wa samaki, na huibadilisha asilimia hiyo kadiri wanavyokua. Mpango wa serikali ya Kenya wa mwaka 2009 ulieneza mabwawa ya mita za mraba 300 katika majimbo 140 ya uchaguzi. Bwawa la ukubwa huo lenye kina cha wastani cha mita 1 ni mita za ujazo 300. Kufikisha kloridi miligramu 100 kwa lita kunahitaji gramu 165 za kloridi ya sodiamu kwa kila mita ya ujazo, kwa kuwa asilimia 60 hivi ya chumvi ndiyo kloridi. Jibu ni kilo 50 kasoro kidogo. Gunia moja, liyeyushwe kwenye ndoo na kumwagwa kulizunguka bwawa lote, na mchana unaotakiwa kuokoa samaki wanaotweta usipotee kwa kusaka chumvi ya aina nyingine wakati ya kufaa iko duka la jirani. Kinachobaki ni kukumbuka kwamba chumvi haipandi na mvuke. Maji yakipungua kwa jua na kujazwa upya, chumvi bado imo na haihitaji kuongezwa. Yakitolewa kwa mfereji au kufurika kwa mvua, imeondoka nayo, na itaongezwa kwa kiasi cha maji yaliyoondoka tu. Na maji hayo yenye chumvi yasielekezwe kwenye bustani ya mboga kila yanapotolewa, kwa sababu sodiamu ikizidi hutawanya chembe za udongo wa mfinyanzi hadi udongo ukaziba na kuwa hauingizi maji.